Upasuaji wa Kikwapa: Nani Anauhitaji, Nani Asiuguse

Hotuba ya daktari mpasuaji kwa wazazi, walimu na vijana, katika ukumbi wa jamii, Eastlands, Nairobi

Wazee wetu, kina mama na kina baba, walimu, na nyinyi vijana mliojaa huko nyuma, hamjambo. Nawashukuru kwa kufika, maana najua mwaliko huu haukuwa rahisi kuupokea. Mtu akialikwa kwenye kikao cha shinikizo la damu anakuja bila wasiwasi. Akialikwa kwenye kikao cha kikwapa anasita, anahofu jirani atasema amekuja kwa sababu ya shida yake mwenyewe. Mmekuja hata hivyo, na mimi nauheshimu ujasiri huo.

Nitasema jambo langu mapema, ili asiyeweza kukaa mpaka mwisho aondoke nalo. Upasuaji wa kutibu kikwapa upo. Unafanya kazi, na kwa watu wachache ndio tiba inayowafaa. Lakini wengi wanaouulizia hapa Nairobi hawauhitaji, na wako ambao utawadhuru. Nataka tutoke hapa tukiwa tunajua kuwatofautisha watu hawa.

Tuanze na mwili wenyewe. Binadamu ana tezi za jasho kati ya milioni 2 na milioni 4. Nyingi kabisa zinaitwa tezi ekrini, zimetapakaa mwili mzima, na kazi yao ni kutoa maji yenye chumvi ili mwili upoe. Jasho linalomtiririka mfanyakazi anayetembea kwa miguu kutoka Industrial Area saa saba mchana ni la tezi hizo, na likiwa bichi halina harufu ya kutaja. Kundi la pili ni tezi apokrini. Hizi zimejikusanya kwapani, kinenani na kuzunguka chuchu, na jamaa zake zimo hata ndani ya tundu la sikio, ambako zinachangia kutengeneza nta. Utoto mzima zinalala. Mtu akibalehe zinaamka, zinaanza kutoa ute kidogo, mzito, wenye mafuta na protini.

Sasa sikilizeni hapa. Ute huo nao hauna harufu mbaya unapotoka. Harufu inatengenezwa na bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kwapa, hasa jamii ya Corynebacterium na yule aitwaye Staphylococcus hominis. Wanauvunja ute ule na kuachilia asidi na misombo ya salfa inayoruka hewani, na pua ya binadamu huinasa misombo hiyo hata ikiwa chembe tu.

Nimelieleza hilo kwa kirefu kwa ajili ya mtoto mmoja ambaye kila mwalimu hapa anamjua. Yuko kidato cha pili, shule ya bweni. Wenzake wanamwita beberu. Kitanda chake kimesogezwa mpaka dirishani, na darasani hakuna anayetaka kukaa naye dawati moja. Mtoto huyo anaoga. Pengine anaoga kuliko wanaomcheka, tena kwa nusu ndoo, kwa sababu mji huu maji ya mfereji yanakuja kwa zamu na mitaa mingine familia inayanunua kwa mtungi wa lita 20. Tezi zake zimeamka kwa nguvu, na bakteria wake ni hodari wa kazi yao. Mwalimu anapomsimamisha mbele ya darasa na kumwambia akajifunze usafi, anamwadhibu kwa kubalehe. Walimu wangu, nawasihi sana, mwiteni pembeni, mzungumze naye kwa upole, kisha mwiteni mzazi.

Hapo niseme habari ya jeni, yaani yale maagizo ya mwili tunayorithi kwa wazazi wetu, kwa kuwa bila hiyo hatutaelewa upasuaji huu ulizaliwa wapi. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walionyesha kwamba herufi moja tu katika jeni iitwayo ABCC11, iliyo kwenye kromosomu ya 16, ndiyo inayoamua kama nta ya sikio la mtu itakuwa ya kunata au kavu. Tafiti zilizofuata zikaonyesha kwamba jeni hiyo hiyo inahusika na ute wa kwapa: mwenye nta kavu kwa kawaida ana harufu ndogo sana ya kwapa, au hana kabisa. Wajapani, Wakorea na Wachina wengi wana nta kavu. Sisi Waafrika karibu sote tuna nta ya kunata.

Fikirini maana yake. Kule Tokyo au Seoul, mwenye kikwapa yuko katika kundi dogo, na kwa miaka mingi amehesabiwa kuwa mgonjwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maandishi ya kitaalamu kuhusu upasuaji huu imetoka Japani, Korea, China na Taiwan. Nairobi mambo yamegeuka. Mtu kuwa na harufu ya kwapa jioni, baada ya kutwa ya kazi na saa nzima ndani ya matatu iliyojaa, ndiyo hali ya kawaida ya mwili wa hapa. Kwa hiyo kipimo walichokitumia wenzetu, kwamba ukiwa na harufu basi wewe ni mgonjwa wa kupasuliwa, hakiwezi kuletwa hapa kama kilivyo. Na kuna jambo la pili linalotutenganisha nao, la makovu, ambalo nitalifikia.

Kabla ya kisu kuna safari ndefu, na wengi humaliza shida yao humo. Kwanza sabuni na maji, kisha kukausha kwapa vizuri kabla ya kuvaa. Kupunguza nywele za kwapa, kwa mkasi ikiwezekana, kwani wembe huwatia wengi vipele. Nguo nazo zina lake: vitambaa vya polyester hushika harufu kuliko pamba, na shati likishaingiwa na harufu kwapani linaanza kunuka tena mara linapopata joto, hata kama aliyelivaa ametoka kuoga sasa hivi. Anayenunua mitumba Gikomba aangalie kitambaa, alifue shati kwa maji moto, alianike juani.

Halafu dawa. Iko ya kuosha yenye benzoili peroksidi, inayoua bakteria; unaipaka kwapani, unasubiri dakika chache, unasuuza. Inachujua rangi ya taulo, kwa hiyo tumia taulo jeupe. Iko dawa ya kuzuia jasho yenye kloridi ya aluminiamu, na hii watu wengi wanaitumia vibaya. Wanaipaka asubuhi, kwapa likiwa bichi, wametoka kunyoa, inawachoma, wanaitupa. Ipakwe usiku kabla ya kulala, kwapa likiwa kavu kabisa, wakati jasho limepungua na dawa inaweza kuziba mirija. Asubuhi unaoga kama kawaida. Wanaoniuliza kama aluminiamu inaleta saratani ya matiti, jibu ni kwamba tafiti hazijathibitisha hivyo. Tena bibi zetu wa pwani waliopaka jiwe la shabu hawakukosea, kwa sababu shabu yenyewe ni chumvi ya aluminiamu. Limau na magadi siwezi kuwasifia. Nimeona ngozi zilizobabuka kwa hayo, na ngozi iliyobabuka huingia vijidudu vingine.

Hayo yakifanywa ipasavyo kwa miezi miwili au mitatu na hali ikabaki ile ile, njoo kliniki. Hata hapo sitakimbilia kisu. Nitakuuliza maswali, nitaangalia kwapa, kwa sababu si kila harufu ni ya tezi apokrini. Kuna bakteria wanaojenga utando wa manjano kwenye nywele za kwapa, na tiba yake ni kunyoa na kupaka dawa tu. Kuna wekundu au weusi wa kwapani unaoletwa na bakteria pia, ambao ukimulikwa kwa taa maalumu unang'aa rangi ya matumbawe mekundu. Kuna majipu ya kwapa yanayorudi kila mara, yanayotoa usaha na kuacha vishimo na makovu. Huo ni ugonjwa mwingine, mzito, wenye tiba yake, na wagonjwa wake huhangaika miaka mingi wakikamuliwa jipu moja moja. Kuna watu wachache ambao mwili wao hauwezi kuvunja kemikali fulani ya chakula, wakanuka kama samaki mwili mzima, hata pumzi na mkojo. Mtu huyo ukimtoa tezi za kwapa zote bado atanuka. Na anayetokwa jasho jingi ghafla, huku anakonda na moyo unakwenda mbio, huyo apimwe tezi ya shingo.

Yuko mgonjwa mmoja ambaye nawaomba mniazime masikio kwa ajili yake. Anakuja akiwa na hakika kwamba ananuka. Akiona mtu amegusa pua ndani ya matatu, anajua ni kwa sababu yake. Dirisha likifunguliwa, ni yeye. Anaoga mara nne kwa siku, ameacha kazi, ameacha kanisa au msikiti. Tunampangusa kwapa kwa shashi kavu baada ya kutwa nzima, mimi nainusa, muuguzi anainusa, dada yake aliyemsindikiza anainusa, na hakuna harufu. Huyu anaumwa kweli, tena maumivu yake yanaweza kumfikisha kwenye mawazo ya kujitoa uhai. Lakini ugonjwa wake uko katika mawazo yanayomkaba, na una daktari wake na dawa zake. Nikimpasua, kovu litakuwa jipya na hofu itakuwa ile ile. Pua zetu hutudanganya pande zote mbili: anayenuka huzoea harufu yake asiisikie, na asiyenuka anaweza kuapa kwamba ananuka. Ndiyo sababu sipasui kwa neno la mgonjwa peke yake. Namwomba aje na mtu anayemwamini, na mtu huyo aseme ukweli.

Nani basi anabaki? Anabaki mtu ambaye harufu yake inasikika hata na aliyekaa mbali kidogo, inarudi muda mfupi baada ya kuoga, imekataa dawa zilizotumiwa sawasawa, na imemharibia masomo, kazi au ndoa. Awe amemaliza kubalehe. Mzazi aliyeniletea mtoto wa miaka 13 nitamwomba asubiri, kwani tezi zake bado zinakua, na kazi nitakayoifanya leo inaweza kuharibika kesho. Mtu huyo aliyebaki ana haki ya kutibiwa. Asiambiwe kwamba anatafuta urembo, na asiambiwe na mtu yeyote kwamba avumilie tu.

Sasa niwaeleze tunachokifanya, maana hofu nyingi hutokana na kutojua.

Tezi apokrini zimejishikiza upande wa chini wa ngozi, pale ngozi inapokutana na mafuta. Hapo zamani wapasuaji walikata kipande kizima cha ngozi yenye nywele na kushona kingo pamoja. Harufu iliondoka, lakini kovu lilikuwa kubwa, na wengine walibaki hawawezi kuinua mkono vizuri. Njia inayotumika zaidi sasa inaiacha ngozi mahali pake. Mgonjwa analala chali, mikono imeinuliwa. Tunachora mpaka wa sehemu yenye nywele. Tunaingiza chini ya ngozi maji ya chumvi yaliyochanganywa na dawa ya ganzi na adrenalini. Maji hayo yanatia ganzi, yanabana mishipa ya damu, na yanaitenganisha ngozi na mafuta. Mgonjwa yuko macho, anaweza kuzungumza nasi.

Kisha tunakata mkato wa sentimita 3 au 4 kwenye mkunjo wa kwapa, tunaichambua ngozi kutoka chini yake, na tunaigeuza nje kama mfuko wa suruali. Hapo tezi zinaonekana kwa macho, punje punje za rangi ya manjano na kahawia pamoja na mizizi ya nywele. Tunazikata kwa mkasi mdogo, moja baada ya nyingine, kwa subira. Hapa ndipo ustadi wote wa kazi hii ulipo. Ukiacha ngozi nene, tezi zimebaki na harufu itarudi. Ukiikwangua mno, ngozi inakosa damu na inakufa, na mgonjwa anabaki na kidonda kibichi cha kwapani kwa wiki kadhaa. Ukweli ninaomwambia kila mgonjwa ni kwamba lengo ni kupunguza harufu mpaka isimsumbue kuliko inavyowasumbua watu wengine. Sitamwahidi kwapa lisilo na harufu milele.

Iko njia nyingine ambayo tunapitisha mrija mwembamba kwenye vitundu visivyofika sentimita moja, mrija wenye makali unaokwangua na kunyonya tezi. Makovu yake ni madogo, na mtu anapona upesi. Lakini unakwangua bila kuona, na tezi nyingi zaidi zinaweza kubaki. Kila njia ina bei yake, na daktari anayekwambia yake haina kasoro mwogope.

Baada ya kushona, kazi iliyobaki ni ya mgonjwa, na ndiyo inayoshinda wengi. Tunashindilia bonge la shashi kwapani na kulifunga kwa nyuzi, halafu tunazungusha bendeji mpaka begani, ili ngozi ishikane na nyama iliyo chini yake. Mkono usiinuliwe. Kwa wiki moja hadi mbili husuki nywele, hubebi mtoto, hubebi mtungi wa maji, hushiki chuma cha matatu juu ya kichwa, huendeshi bodaboda. Damu ikivilia chini ya ngozi, ngozi inanyanyuka na inaweza kufa. Mama mwenye mtoto mchanga na asiye na msaidizi nyumbani namwambia waziwazi tusubiri. Tunapanga siku kulingana na maisha yake, ama tunafanya kwapa moja kwanza na jingine baadaye. Nyuzi zinatolewa baada ya siku 10 hadi 14 hivi. Nywele za kwapa zitapungua sana, na wapo wanaolifurahia hilo.

Nilisema nitafika kwenye makovu. Ngozi nyeusi ina tabia ya kutengeneza makovu yanayovimba na kupita mipaka ya kidonda kuliko ngozi za watu wa Asia Mashariki au Ulaya. Nyote mmeyaona, kwenye masikio yaliyotobolewa, mabegani, kifuani. Kwapani kovu la namna hiyo linawasha, linavuta, na linaweza kuuzuia mkono. Kwa hiyo kabla sijazungumza habari ya thieta, namwomba mgonjwa anionyeshe makovu yake yote: la chanjo, la upasuaji wa uzazi, la kuanguka utotoni. Nikimkuta na kovu lililovimba, au mama yake au ndugu zake wakiwa nayo, mara nyingi nasema hapana kwa kisu, tutafute njia nyingine.

Njia hizo zipo. Sindano ya sumu ya botulini, ile ile inayotumiwa kwa mikunjo ya uso, hunyamazisha mishipa ya fahamu inayoamuru jasho. Marekani waliiidhinisha mwaka 2004 kwa wenye jasho la kupindukia kwapani. Inapunguza jasho kwa miezi kadhaa, na harufu hupungua nayo kwa wengi, kisha inaisha na lazima irudiwe, na ni ghali. Kuna mashine za mawimbi ya maikrowevu zinazounguza tezi bila kukata ngozi, na tezi zilizounguzwa hazioti tena. Kuna pia upasuaji wa kukata mishipa ya fahamu ndani ya kifua. Huo siupendekezi kwa kikwapa hata kidogo. Wengi waliofanyiwa huanza kutokwa jasho jingi mgongoni, tumboni na mapajani, na mshipa uliokatwa haurudi.

Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na kikwapa kinafichwa kuliko magonjwa mengi. Kwa kuwa kinafichwa, watu wanakitibia gizani: chumba cha urembo ghorofani, mtu asiyejulikana, sindano isiyojulikana, malipo kwa simu. Naumia sana nikimpokea mgonjwa aliyepitia huko, kwa sababu mara nyingi ngozi iliyokwisha kuharibiwa haiwezi tena kufanyiwa kazi nzuri. Kabla hujampa mtu kwapa lako, litazame jina lake kwenye rejista ya Baraza la Madaktari na Wataalamu wa Meno, KMPDC. Ipo kwenye intaneti, na mtu yeyote anaweza kuitazama kwa simu. Uliza amebobea katika nini. Uliza ngozi ikifa atafanya nini, na nani atalipia. Uliza bei nzima: upasuaji, dawa, kubadilisha bendeji, na kurudi thieta ikibidi. Uliza bima yako italipa au haitalipa, upewe jibu kwa maandishi kabla ya siku ya upasuaji. Daktari akikasirishwa na maswali hayo, chukua mkoba wako uondoke.

Pa kuanzia ni kliniki ya ngozi. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ina kliniki ya ngozi na ina wapasuaji wa plastiki. Unakwenda na barua ya rufaa kutoka kituo cha afya kilicho karibu nawe. Nenda na orodha ya dawa ulizotumia na muda uliozitumia, nenda na mtu wa nyumbani, na siku hiyo usipake manukato wala diodoranti, ili tukupime jinsi ulivyo.

Maswali ya wote tutayachukua sasa. Mwenye jambo lake la faragha, au mzazi mwenye mtoto aliyenyamaza, nitabaki kwenye chumba kidogo huko nyuma pamoja na muuguzi mpaka wa mwisho ahudumiwe.